Mapiko, Mitungi ya Nta na Majini ya VCD

Mwaka 1906, majivu ya Maji Maji yakiwa bado ya moto kusini, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig aitwaye Karl Weule alishuka Lindi na kuanza safari ya bara. Mizigo ya wapagazi wake ilikuwa na mashine mbili ambazo watu wengi wa njia ile hawakuwa wameziona: kamera ya sinema ya kuzungusha kwa mkono, na fonografu ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Alipita Masasi, akapanda mpaka Newala na Mahuta, juu ya uwanda wa Wamakonde. Anayepajua Newala anaijua Shimo la Mungu, pale ukingoni, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linalala chini yako lote.

Sinema yenyewe ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja tu. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema kwamba filamu imefika kusini juzi juzi, kwa mikanda ya video, ujue si kweli. Imefika mapema kuliko lami na kuliko bandari ya Mtwara.

Weule alipiga sinema za ngoma na akanasa nyimbo. Lakini mashine zake mbili hazikujuana. Moja ilikuwa na macho bila masikio, nyingine ina masikio bila macho. Kamera ilisimama juu ya miguu yake mitatu, filamu yake ikiisha baada ya muda mfupi sana, na mcheza ngoma akitoka nje ya fremu ndiyo basi tena, katoka. Fonografu nayo ilitaka mtu asimame karibu na mdomo wa tarumbeta yake aimbe. Sasa fikiria ngoma ya Kimakonde, ambayo mguu unajibu ngoma na ngoma inajibu mguu, imegawanywa vipande viwili, kila kipande kimefungwa kwenye sanduku lake na kupelekwa Ulaya. Mitungi ile ya nta iko Berlin mpaka leo, kwenye hazina ya sauti iitwayo Phonogramm-Archiv, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999.

Naanza na Weule kwa sababu moja. Kule alikokwenda kutafuta maisha ya asili, alikuta watu ambao tayari walikuwa na teknolojia kamili ya kumfanya mtazamaji aone kisichokuwepo.

Upande wa Newala ilikuwa midimu, vinyago vya kuvaa usoni, vingine vikichezwa juu ya miti mirefu hata mcheza akawa mrefu kuliko paa la nyumba. Ng'ambo ya mto, upande wa Mueda, ilikuwa mapiko, vinyago vya kuvaa kichwa kizima kama kofia ya chuma. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, likabandikwa nywele za kweli, likachorwa chale za usoni kwa nta ya nyuki. Mvaaji huliinamisha kidogo akaona njia kupitia kwenye mdomo wake. Mwili wote hufunikwa nguo, kila pindo likafungwa, ngozi isionekane hata kidogo. Huyu anayeingia uwanjani si fulani mtoto wa fulani. Ni mzimu, ni aliyekufa amerudi.

Wavulana waliingizwa kwenye siri hiyo jandoni. Siku ile waliyofunuliwa kwamba ndani ya lipiko kuna binadamu ndiyo siku waliyoanza kuhesabiwa wakubwa, na kuanzia hapo kazi yao ilikuwa kuilinda hila, si kuicheka. Wanawake walitakiwa kukimbia na kupiga kelele, na walikimbia. Mimi binafsi siamini hata kidogo kwamba hawakujua. Mwanamke gani asiyeujua mwendo wa mumewe? Lakini hapo ndipo utamu ulipo: ngoma haikutegemea ujinga wa mtazamaji. Ilitegemea makubaliano yake. Kila mtu ana sehemu yake, mwenye kuficha mshono na mwenye kukubali kutouona.

Shika hilo neno, mshono, tutalirudia.

Wakati Wamakonde wakifunga pindo za nguo, Paris kulikuwa na mwanamazingaombwe aitwaye Georges Méliès. Inasimuliwa kwamba mwaka 1896 kamera yake ilikwama barabarani akipiga picha ya magari. Alipoirekebisha na kuendelea, akaja kugundua kwamba kwenye picha basi la farasi limegeuka ghafla kuwa gari la maiti. Iwe kisa kile ni cha kweli au alikitia chumvi mwenyewe, hila yake ni rahisi: simamisha kamera, badilisha kitu, endelea. Mwaka 1902 akaipeleka dunia mwezini kwa njia hiyo hiyo. Asilimia kubwa ya majini yote ya Bongo Movie ni wajukuu wa kamera ile iliyokwama. Lakini kabla hatujafika huko kuna miaka hamsini ambayo watu wetu walikatazwa hila.

Naposema walikatazwa sikuzi mambo. Mwaka 1939 Waingereza waliunda Colonial Film Unit, na aliyeiongoza ni William Sellers, mtu wa idara ya afya aliyeanza kuonyesha filamu Nigeria miaka ya 1920. Sellers alikuwa na nadharia. Aliamini Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya kawaida. Kwa hiyo filamu za kumwonyesha zisiwe na hila yoyote ya kamera. Picha ikae muda mrefu bila kukatwa. Mtu asiruke kutoka mahali hadi mahali, aonekane akitoka, aonekane akienda, aonekane akifika. Hadithi isirudi nyuma. Na kitu kisikuzwe kupita ukubwa wake, maana, kisa kilichosimuliwa kila ofisi ya mkoloni, watu fulani walionyeshwa mbu mkubwa kama ukuta wakasema kwetu hakuna mbu wa namna hiyo, sisi wetu ni wadogo.

Kisa kingine ni cha kuku. Filamu ya usafi ilionyeshwa, watazamaji wakaulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua hata kama mna kuku, wakaenda kukagua wakamkuta, kapita pembeni sekunde moja. Kisa hiki kilisimuliwa na John Wilson wa London, na Marshall McLuhan akakitia kwenye kitabu chake cha mwaka 1962 kama ushahidi kwamba wasiojua kusoma hawajui kutazama. Mimi nakisoma vingine kabisa. Watu wenye macho ya kumwona kuku wa sekunde moja ni watazamaji hodari. Na aliyewaambia kwetu mbu ni wadogo huenda alikuwa anatania, jambo ambalo afisa wa serikali mwenye daftari mkononi hakulitegemea.

Weka nadharia ya Sellers kando ya uwanja wa Newala uone jinsi inavyochekesha. Watu waliolelewa na midimu, wanaoijua tofauti ya mtu na mzimu, ya nguo na ngozi, ya kuogopa kwa kweli na kuogopa kwa heshima ya ngoma, ndio walioambiwa kwamba picha ikikatwa haraka watachanganyikiwa!

Matokeo yake hayakuwa ya kuchekesha. Hila ikiondolewa, inaondoka na aina nzima za hadithi. Huwezi kusimulia ndoto au mzimu. Huwezi kusimulia mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja, wala kumbukumbu. Kinachobaki ni mtu anachimba choo, mwanzo mpaka mwisho. Mkoloni alijijengea lugha ya picha yenye wakati uliopo peke yake, kisha akashangaa wanaoitazama hawana hamu.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Kabla ya Sellers, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio la Vugiri, milimani Usambara, la L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Nao walikuwa na dharau zao, lakini walijaribu kutengeneza filamu hapa hapa na waigizaji wa hapa. Sauti hawakuitia kwenye filamu, waliiweka kwenye sahani za santuri, ili filamu moja iweze kusema Kiswahili leo na lugha nyingine kesho. Santuri ikiruka, mdomo na neno vinaachana. Unaona? Ni tatizo lile lile la Weule, picha huku na sauti kule. Na magari ya sinema ya serikali yaliyozunguka baadaye yalikuwa na mtu wa kipaza sauti, mkalimani, aliyesimama pembeni ya shuka jeupe akieleza kinachotokea. Alitakiwa atafsiri. Lakini mpe Mswahili kipaza sauti mbele ya umati usiku, uone kama atatafsiri tu.

Ndani ya mazingira hayo alitokea kijana wa Songea, huko juu ambako mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, na Kawawa akawa steringi wa Muhogo Mchungu. Wengi wanamkumbuka kama Simba wa Vita na Waziri Mkuu. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya yote alikuwa sura ya kwenye shuka jeupe. Filamu hizo nazo hazikuwa na hila za kutisha, ila zilikuwa na jambo ambalo Sellers hakulipigia hesabu: mcheshi. Mwigizaji mzuri ni efekti tosha. Anaweza kukaa kwenye picha isiyokatwa na bado ukahisi mambo matatu yanatokea usoni kwake.

Baada ya Uhuru ilikuja Tanzania Film Company, mwaka 1968, na filamu za ujamaa kama Fimbo ya Mnyonge. Nitapita haraka hapa, kwa sababu kwa habari ya hila hakukubadilika sana. Tulimfukuza mwalimu tukabaki na somo lake: filamu ni ya kuelimisha, isichezee akili za wananchi. Aliyetaka kuona mtu akiruka juu ya paa alikwenda kwenye jumba la sinema akatazama Mhindi au Bruce Lee.

Ng'ambo ya Ruvuma, lakini, kulitokea filamu ambayo naiona ndiyo filamu kubwa kuliko zote za bonde hili. Mwaka 1979 Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji aliyejipatia jina Brazil, alikwenda Mueda na kamera yake. Mueda ndipo Wareno walipowapiga risasi wananchi tarehe 16 Juni 1960, na viongozi waliokuwa mbele siku ile, Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, walikuwa wametokea upande wetu, Tanganyika. Kila mwaka wenyeji waliigiza tukio hilo pale pale lilipotokea. Weusi waliigiza Wareno, watu walicheka, kisha risasi zikalia na watu wakaanguka. Guerra akaipiga hiyo, nyeusi na nyeupe, akaichanganya na ushuhuda wa waliokuwepo. Hakuna damu ya bandia ya maana. Watazamaji wanaonekana ndani ya picha, wamezunguka uwanja, na hakuna anayejaribu kukuficha kwamba haya ni maigizo.

Ukiijua ngoma ya mapiko, filamu ile inakuwa na maana mara mbili. Hawa ni watu walewale ambao sanaa yao kuu ilikuwa kuficha mshono. Safari hii wameuacha wazi kwa makusudi, na bado unapoanguka mwili wa kwanza unashtuka.

Kisha video. Televisheni ya Tanzania Bara ilianza 1994, kwa hiyo kwa miaka mingi deki na mkanda ndivyo vilivyokuwa kila kitu. Mtwara na wilaya zake zikajaa vibanda umiza: mabati au makuti, benchi, televisheni moja, jenereta nje inanguruma kuliko filamu. Umeme wenyewe kusini ulikuwa wa kubahatisha, mpaka gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, ilipoanza kuzalisha umeme mjini Mtwara mnamo 2007. Gesi ilikuwa imegunduliwa tangu 1982. Robo karne watu wamekaa juu ya moto, wanatazama muvi kwa dizeli.

Humo vibandani ndimo sauti na picha zilipoachana tena, na safari hii watu walifurahi. Walitokea wafasiri wa muvi, na Dar es Salaam jina lililovuma kuliko yote ni Lufufu, yaani Derek Mukandala. Walichukua filamu ya Hong Kong, ya Marekani, ya Nigeria, wakaweka Kiswahili chao juu. Si tafsiri. Wanakuambia huyu ni nani, atafanya nini, kwa nini ni mpumbavu kuingia kwenye nyumba ile, wanaifananisha na mtaa wa kwenu. Ndiyo kazi ya yule mkalimani wa gari la serikali, ila sasa hana bosi. Na efekti za mamilioni ya dola zikawa chini ya mtu mmoja mwenye kipaza sauti. Meli ya angani inalipuka, yeye anauliza bei ya mafuta. Teknolojia ndogo imeipanda mgongoni teknolojia kubwa.

Halafu tukaanza kutengeneza wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa kamera ndogo za dijitali na kompyuta za kuchangishana, zikatoka Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, na baada yake mvua ya majini. Wasomi wetu walizicheka. Kusema kweli bado wanazicheka, na wengi wa wasomaji wa kurasa kama hizi ni miongoni mwao. Jini anatokea, pu, anapotea. Macho yanawaka rangi ambayo haikai sawasawa na uso. Sauti inazama kama inatoka kwenye pipa.

Lakini tuangalie kiufundi. Kwa nini jini wa Bongo hatembei kuingia chumbani kama mgeni mwingine? Kwa sababu hila ya bei rahisi kuliko zote ni ile ya Méliès: simamisha kamera, mtoe mtu, endelea. Bei ya hila ikaamua tabia ya jini. Jini akawa wa ghafla, na hadithi nzima ikajengwa juu ya ughafla: mume anafungua mlango, yupo, anamwita jirani, hayupo. Ndiyo maana filamu hizi ni za ndoa na nyumba za kupanga. Ukiwa na fremu ya chumba kimoja na mshono mmoja wa kukata, hadithi inayokutosha ni ya mtu anayeona kitu ambacho wenzake hawakioni, yaani ya kuaminika na kutoaminika. Hiyo si hadithi ndogo.

Kitu kingine ni santuri yenyewe. VCD hubeba kama saa moja na robo, haizidi sana. Kwa hiyo filamu zikawa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja na kasha lake na bei yake. Mwandishi akalazimika kupandisha presha dakika ya sabini, hata kama hadithi haikuwa na presha ya kupandisha. Wale matembezi marefu ya gari, lango linafunguliwa, gari linaingia, mtu anashuka, anafunga mlango, tunayoyalaumu kila siku, mengi ni ya kujaza sehemu ya pili. Inachekesha kwamba kwa njia ya biashara tulirudi kwa Sellers: aonekane akitoka, aonekane akienda, aonekane akifika.

Sisemi zote zilikuwa nzuri. Nyingi zilikuwa mbaya, na zilizokuwa mbaya zaidi ni zile zilizopata kompyuta mpya, zikamwaga moto wa kubandika kila mahali, hadithi ikasimama kusubiri moto uishe. Lipiko haliingii uwanjani mara kumi usiku mmoja. Ulinganishe na Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania Oscar: bibi wa mizimuni yupo tu, ndani ya fremu moja na walio hai, na mzigo wote umebebwa na uso wa Amandina Lihamba.

Mwenye kuyaunganisha yote haya alitokea Uganda. Isaac Nabwana, mfyatua matofali wa zamani wa Wakaliga, Kampala, aliunganisha kompyuta kwa mikono yake na mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? kwa fedha inayosemwa haikufika dola 200. Helikopta zinapigana juu ya Kampala, na unaona wazi zimebandikwa. Hakuna anayejali, kwa sababu juu ya picha yuko VJ Emmie anapiga kelele, anacheka, anawatangaza makomando kama refa wa ndondi. Mshono unaonekana na watazamaji wanaupenda. Nabwana alilazimika kufuta kompyuta yake ili apate nafasi ya kutengeneza filamu nyingine, nakala safi ikapotea. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Nta ya Weule imedumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu kuna mtu alilipwa kuitunza. VCD za majini hazina mtu. Maduka ya kuzikodisha yamefungwa, deki zimeuzwa kama vyuma chakavu, na watu wanatazama kwenye simu. Santuri zilizobaki ziko uvunguni mwa vitanda, zimechubuka, nyingi zimebaki sehemu moja, ya pili iliazimwa haikurudi. Kama kwenu Masasi, Mikindani au Msimbati kuna kasha la namna hiyo, hasa lenye sauti ya mfasiri, usilitupe. Zitoe nakala kwenye kompyuta, zote mbili kama unazo, na andika pembeni zilionyeshwa kibanda gani.